Bakuli la Supu, Kachumbari na Kifafa: Somo kutoka Yaeda Chini

Utangulizi

Kazi ya kibanda cha supu huanza kabla ya jua kuchomoza. Mifupa na nyama hutiwa sufuriani pamoja na maji na chumvi, kuni husukumwa katikati ya mafiga, na mteja wa kwanza anapofika, mchuzi huwa umekwisha kuchemka kwa muda mrefu. Mteja hupewa bakuli la moto, kipande cha limau, pilipili, chapati au ndizi ya kuchemsha, na pembeni kachumbari ya vitunguu na nyanya. Ni chakula cha bei nafuu, kinachowakalisha mchungaji, mkulima, mwalimu na dereva wa bodaboda kwenye benchi moja.

Yaeda Chini ni kata ya wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, katika bonde kavu lililo chini ya nyanda za juu za Mbulu. Bonde hilo ni makazi ya Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw na Waisanzu, na benchi moja la kibandani huweza kukutanisha watu wa makabila hayo yote. Yupo hata hivyo mtu mmoja ambaye, hapo kama katika sehemu nyingi za nchi, huweza kunyimwa nafasi kwenye benchi hilo: mtu mwenye kifafa. Huwekewa bakuli lake na kikombe chake, au hupewa chakula akalie mbali, kwa hofu kwamba mate au povu lake litawaambukiza wengine.

Hofu hiyo haina msingi wa kitabibu. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa povu, kwa bakuli wala kwa kumshika mgonjwa. Hata hivyo, moja ya sababu kubwa za kifafa katika maeneo yanayofuga nguruwe huria huweza kweli kupitia mahali pa kulia chakula. Sababu hiyo ni mayai ya tegu wa nguruwe. Hubebwa na mkono usionawa wa mtu anayejiona mzima, yakafika kwenye chakula kisichopita motoni. Makala haya yanaeleza njia hiyo, na yale ambayo mpishi, mteja, mgonjwa na mtumishi wa afya wanaweza kufanya ili kuifunga.

Kinachotokea sufuriani

Moto ni rafiki wa kwanza wa usalama wa chakula. Mchuzi unaotokota kwa muda mrefu huua bakteria wengi wanaosababisha kuhara, huua vimelea walio ndani ya nyama, na huua mayai ya minyoo. Sehemu za nyanda za juu, maji huchemka kwenye nyuzi joto chini kidogo ya 100 za Selsiasi, lakini tofauti hiyo hufidiwa kwa urahisi na muda ambao mifupa na nyama huachwa vichemke. Supu ya makongoro, ya utumbo au ya mbuzi iliyochemka hadi nyama ikalainika, ikagawiwa ikiwa bado ya moto, ni miongoni mwa vyakula salama zaidi vinavyouzwa kando ya barabara.

Mashaka huanza pale chakula kinapotoka sufuriani. Bakuli lililosuuzwa katika ndoo moja ya maji yaliyotumika tangu alfajiri, kijiko kilichofutwa kwa kitambaa kibichi, vitunguu vilivyokatwa kwa mikono ambayo haikuguswa na sabuni: vyote hivyo huingia mezani bila kupita motoni. Limau na pilipili haviui mayai ya minyoo. Huongeza ladha, na wakati mwingine humpa mlaji imani ya usalama ambao haupo.

Kanuni hii haihusu Manyara peke yake. Nchini Vietnamu, supu ya tambi za mchele iitwayo pho ina nafasi ileile ambayo supu ya asubuhi inayo hapa: ni chakula cha watu wote, cha bei nafuu, kinacholiwa kwenye viti vidogo kando ya njia. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na tangawizi na viungo, na mchuzi huo wenyewe hauna neno. Lakini katika aina moja ya pho, vipande vyembamba vya nyama mbichi ya ng'ombe huwekwa bakulini na kumwagiwa mchuzi wa moto, hivyo huiva juujuu tu. Tena, kando ya bakuli huwekwa sahani ya majani mabichi, na mlaji huyachuma kwa mkono na kuyatia mwenyewe. Vietnamu nayo ni miongoni mwa nchi ambako tegu wa nguruwe bado yupo, na anayetaka kula salama huko huuliza maswali mawili yaleyale ya kuulizwa Mbulu: nyama imeiva hadi ndani? Na hivi vibichi vimeoshwa na nani, kwa maji gani?

Tegu mmoja, magonjwa mawili

Tegu wa nguruwe, ambaye jina lake la kitaalamu ni Taenia solium, husababisha magonjwa mawili tofauti kwa binadamu. Watu wengi huyachanganya, na kuchanganya huko ndiko kunakowafanya wajilinde upande mmoja na kuuacha wazi upande wa pili.

Ugonjwa wa kwanza ni wa tumboni. Mtu anapokula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya kimelea, kifuko hufunguka, na kichwa cha tegu hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Katika muda wa miezi miwili hivi, tegu hukomaa. Huwa mnyoo bapa, mweupe, mfano wa utepe, mwenye urefu wa mita kadhaa, na huweza kuishi tumboni kwa miaka. Mwili wake umeundwa kwa pingili. Pingili za mwisho hujaa mayai, hukatika na kutoka na choo. Pingili moja iliyokomaa huweza kubeba mayai yapatayo 50,000. Mwenye tegu huenda asihisi chochote, au ahisi maumivu madogo ya tumbo na kichefuchefu. Wengi hugundua tu wanapoona vipande vyeupe bapa kwenye choo chao.

Ugonjwa wa pili ni wa tishu za mwili, hasa ubongo, na huanza kwa njia nyingine kabisa. Huanza pale mtu anapomeza mayai yaliyotoka kwenye choo cha mwenye tegu. Mayai huanguliwa utumboni, kiluwiluwi hupenya ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kusambaa. Akifika kwenye msuli, hujenga kifuko ambacho mara nyingi hakileti madhara makubwa. Akifika kwenye ubongo, hujenga kifuko huko. Kifuko hicho huweza kukaa kimya kwa miezi au miaka. Kinapoanza kufa, mwili hukishambulia, eneo linalokizunguka huvimba, na hapo mgonjwa huanza kupata kifafa, maumivu makali ya kichwa, kutapika au matatizo ya kuona.

Kwa ufupi, nyama isiyoiva humpa mtu tegu, na choo cha mwenye tegu huwapa watu vifuko vya ubongo. Nguruwe naye hupata vifuko kwa njia hiyohiyo ya pili, yaani kwa kula choo cha binadamu au majani na maji yaliyochafuliwa nacho. Hivyo mzunguko hukamilika: mtu humwambukiza nguruwe, nguruwe humwambukiza mtu, na mtu humwambukiza mtu mwenzake au hata kujiambukiza mwenyewe.

Yupo pia tegu wa ng'ombe, anayepatikana kwa kula nyama ya ng'ombe isiyoiva. Huyu naye huishi tumboni na kutoa pingili, lakini mayai yake hayajengi vifuko katika ubongo wa binadamu. Kwa macho, si rahisi kuwatofautisha tegu hawa wawili, na mayai yao chini ya hadubini yanafanana. Kwa hiyo kila mwenye tegu anapaswa kutibiwa, na hakuna sababu ya kusubiri kujua ni yupi.

Ushahidi kutoka Mbulu

Wilaya ya Mbulu ni mojawapo ya maeneo ya Tanzania ambako tegu huyu amechunguzwa kwa kina. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, ukiongozwa na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nguruwe hai 770 kutoka vijiji 21 vya wilaya hiyo walikaguliwa ulimi. Nguruwe 17.4 kati ya kila 100 walikutwa na vifuko. Tofauti baina ya vijiji ilikuwa kubwa: kijiji chenye kiwango cha chini kilikuwa na asilimia 3.2, na chenye kiwango cha juu asilimia 46.7. Ikumbukwe kwamba ukaguzi wa ulimi huwagundua zaidi nguruwe wenye vifuko vingi, na wenye vifuko vichache hupita bila kuonekana.

Upande wa binadamu, ushahidi umetoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyomo katika wilaya hiyohiyo na inayohudumia pia watu wa bondeni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watu 212 wenye kifafa walipigwa picha za kichwa kwa mashine ya CT. Kati yao, 38, yaani karibu 18 kati ya kila 100, walikuwa na alama za ubongo zilizoelekeza kwenye vifuko vya tegu. Katika kundi la kulinganisha la watu wasio na kifafa, alama kama hizo zilikuwa adimu.

Takwimu hizo zinafundisha mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya kifafa katika eneo hilo ingeweza kuzuiwa, kwa kuwa chanzo chake ni mayai yaliyomezwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi ambako watu na nguruwe huria huishi pamoja, tegu huyu huchangia kiasi cha asilimia 30 ya kifafa chote. Pili, wagonjwa wengi zaidi katika utafiti wa Haydom hawakuwa na alama hizo. Kifafa kina vyanzo vingi: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, kiharusi, na urithi. Kwa hiyo mtu mwenye kifafa asishutumiwe kwamba amejiletea ugonjwa kwa kula nguruwe, wala familia yake isinyooshewe kidole.

Asiyekula nguruwe naye yumo hatarini

Kijijini si ajabu kumsikia mtu akisema, "Mimi sili kitimoto, ugonjwa huo haunihusu." Kauli hiyo ni kweli kwa ugonjwa wa kwanza, ule wa tegu wa tumboni. Kwa ugonjwa wa pili si kweli hata kidogo. Vifuko vya ubongo havitoki kwenye nyama. Vinatokana na mayai, na mayai hayaulizi dini wala mwiko wa mtu.

Mfano unaojulikana sana ulitokea mjini New York, Marekani, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1992. Wagonjwa 4 wa jumuiya ya Wayahudi wanaoshika sana sheria za dini yao, ambao hawali nyama ya nguruwe, walipata degedege zilizojirudia na kukutwa na vifuko vya tegu katika ubongo. Uchunguzi ulielekea jikoni. Familia hizo zilikuwa na wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi ambako tegu huyu yupo, na mmoja wa wafanyakazi waliochunguzwa alikuwa na maambukizi ya tegu tumboni. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mwenye tegu hakujua anacho, na waliokula hawakujua wamekula nini.

Kibanda cha supu ni jiko la familia lililopanuliwa. Mpishi mmoja huweza kulisha makumi ya watu kwa siku. Akiwa na tegu bila kujua, na akitoka chooni bila kunawa kwa sabuni, supu yake iliyochemka itabaki salama, ila kachumbari yake haitakuwa salama. Kwa hiyo Mdatoga aliyezoea nyama ya ng'ombe na mbuzi, na Mwislamu asiyegusa nguruwe, wakiketi hapo, wamo katika hatari ileile na jirani yao aliyeagiza kitimoto.

Mtu mwenye kifafa ana nafasi yake mezani

Kutokana na maelezo hayo, desturi ya kumtenga mtu mwenye kifafa inaonekana kuwa na makosa mara mbili. Mtu mwenye vifuko vya ubongo hamwambukizi mtu yeyote kwa vifuko hivyo, kwa sababu vimefungiwa ndani ya mwili wake na havitoi mayai. Anayetoa mayai ni mwenye tegu tumboni, na huyo kwa kawaida hana dalili ya kumfanya atengwe. Jamii humwogopa asiye na hatari, na kumwacha bila matibabu yule anayehitaji dozi moja tu ya dawa.

Kutengwa kuna gharama. Mtu anayelazimishwa kula na kuota moto peke yake ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuangukia mafigani au kwenye sufuria la mchuzi bila mtu wa kumvuta, na makovu ya moto ni ya kawaida miongoni mwa wagonjwa wa kifafa vijijini. Mwingine huacha shule, mwingine huficha ugonjwa na kukosa dawa. Wakati huohuo, Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi watu 70 kati ya kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka iwapo watapata dawa sahihi na kuzitumia ipasavyo. Dawa hizo si ghali, lakini hazipaswi kukatizwa ghafla, hata pale mgonjwa anapojisikia amepona.

Mtu akianguka kifafa kibandani, walio karibu wanapaswa kumwondoa karibu na moto na sufuria, kuondoa vitu vyenye ncha, kumwekea kitu laini chini ya kichwa, kulegeza nguo shingoni na kumlaza ubavu ili mate yatoke. Asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asishikiliwe kwa nguvu, asipewe maji wala chakula mpaka azinduke kabisa. Degedege zikizidi dakika 5, zikijirudia kabla hajazinduka, ikiwa ni mara yake ya kwanza, akiwa ni mjamzito au akiwa ameumia, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kwa mpishi na mwenye kibanda

Bonde la Yaeda ni kavu, na ushauri wowote unaodai maji mengi utaishia kwenye karatasi. Yapo hata hivyo mambo yanayowezekana kwa maji machache.

Kibuyu chirizi kilichotundikwa karibu na choo na kingine karibu na jiko, pamoja na kipande cha sabuni, hutumia maji kidogo kwa kila mnawaji. Sabuni na maji yanayotiririka huondoa mayai kwenye mikono na chini ya kucha. Vitakasa mikono vyenye spiriti havitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa ganda la yai la tegu ni gumu. Kucha ziwe fupi. Wateja nao wanawishwe kwa maji ya kumiminiwa, wasinawe wote ndani ya beseni moja.

Kuhusu kachumbari, njia salama zaidi ni kuitia motoni. Vitunguu, nyanya na hoho zikitupwa katika mchuzi unaotokota dakika chache kabla ya kugawa, ladha hubaki na hatari huondoka. Panapolazimu kula kibichi, vitunguu vimenywe, nyanya zioshwe moja moja kwa maji safi yanayomiminwa, na kazi hiyo ifanywe na mtu aliyenawa kwa sabuni. Dawa ya klorini inayotiwa katika maji ni muhimu kwa kuzuia kipindupindu na kuhara, lakini isitegemewe kuua mayai ya tegu.

Nyama ya nguruwe inahitaji uangalifu wa pekee. Ya kuchemsha ichemke hadi iive kabisa. Ya kuchoma au kukaanga ikatwe vipande vidogo, kwa kuwa pande kubwa huungua nje na kubaki bichi ndani. Isigawiwe ikiwa bado ina wekundu au inatoa maji ya damu. Ubao na kisu cha nyama mbichi visitumike kwa kachumbari kabla ya kuoshwa.

Mwenye kibanda anunue nyama iliyokaguliwa na afisa mifugo. Vifuko vya tegu huonekana kama malengelenge madogo meupe, mfano wa punje za mchele, ndani ya msuli. Nyama ya namna hiyo isinunuliwe, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, na isikatwekatwe kwa siri ili kuondoa malengelenge. Mfugaji naye hupata hasara nyama inapokataliwa, na hasara hiyo huzuilika kwa kufungia nguruwe bandani, kutumia choo, na kumwona mtaalamu wa mifugo kuhusu dawa ya oksifendazoli na chanjo ya nguruwe. Elimu inasaidia: jaribio la elimu ya afya lililofanyika wilayani Mbulu na kuchapishwa mwaka 2008 lilipunguza ulaji wa nyama yenye vifuko na maambukizi mapya kwa nguruwe.

Kwa mtumishi wa afya

Swali moja rahisi huweza kuokoa kaya nzima: "Je, umewahi kuona vipande vyeupe bapa kama utepe kwenye choo chako?" Aulizwe kila mwenye malalamiko ya tumbo, kila mhudumu wa chakula anayekuja kupimwa afya, na ndugu wote wa mtu aliyegunduliwa kuwa na vifuko vya ubongo. Kipimo cha choo kisichoonyesha mayai hakitoshi kumwondolea mtu shaka, kwa sababu mayai hayatoki kila siku. Maelezo ya mgonjwa mwenyewe yana uzito.

Tegu wa tumboni hutibiwa kwa dozi moja ya niklosamidi au ya prazikwanteli, kwa kufuata mwongozo wa taifa. Kuna tahadhari moja isiyopaswa kusahauliwa. Kabla ya kutoa prazikwanteli, mgonjwa aulizwe kama amewahi kupata degedege, kuzirai kusikoeleweka au maumivu makali ya kichwa yanayojirudia. Dawa hii hufika kwenye ubongo. Ikiua vifuko vilivyomo, uvimbe huweza kuongezeka ghafla na kuleta degedege. Mtu mwenye historia hiyo apelekwe kwa daktari kwanza. Niklosamidi haifyonzwi kuingia mwilini, kwa hiyo haina hatari hiyo. Albendazoli kwa ajili ya vifuko vya ubongo nayo hutolewa hospitalini, pamoja na dawa za kupunguza uvimbe na za kuzuia degedege, baada ya picha ya kichwa. Mgonjwa asinunue dawa hizo dukani akajitibu.

Kifafa kilichoanza ukubwani katika eneo lenye nguruwe huria kinastahili rufaa kwa uchunguzi wa picha ya kichwa pale inapowezekana. Rufaa hiyo isicheleweshe dawa ya kuzuia degedege, ambayo ndiyo msingi wa matibabu kwa chanzo chochote kile.

Lugha nayo ni sehemu ya tiba. Katika kata yenye makabila manne, maelezo ya Kiswahili peke yake huweza kumpita mzee wa Kihadzabe au mama wa Kidatoga. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua lugha ya nyumbani ashirikishwe, na ujumbe uwe mfupi: choo kitumike, mikono inawe kwa sabuni, nyama iive, mwenye kifafa asitengwe.

Hitimisho

Supu ya asubuhi haina hatia. Ni chakula cha moto, cha bei nafuu, kinachowakutanisha watu ambao pengine hawangekutana mahali pengine, na hakuna sababu ya kiafya ya kuiacha. Kinachohitaji kubadilika ni vitu vichache vilivyo nje ya sufuria: maji ya kunawa karibu na choo, kachumbari iliyopitishwa katika mchuzi unaotokota, nyama iliyokaguliwa, na kidonge cha tegu kwa anayekihitaji.

Na kwenye benchi, mtu mwenye kifafa asogezewe nafasi akae na wenzake, ale katika bakuli kama la wengine, mbali kidogo na mafiga ili asiungue iwapo ataanguka. Hiyo ndiyo tahadhari pekee anayoihitaji kutoka kwa walaji wenzake.